Je, Ni Dhambi Kuomba Kupunguziwa Deni?

 

Safari hii tumeona vema kuandika juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini, ibada ikiisha, wakiwa wamesimama nyuma ya jengo. Jambo hilo ni deni. Hatutaki kuhubiri kwamba watu wasikope. Mahubiri hayo tumeyasikia sote, na mama ambaye unga umemwishia tarehe 18 hakopi kwa kuwa hajayasikia. Swali letu ni jingine. Mtu amekopa, nia yake ilikuwa kulipa, na sasa hawezi kulipa kama alivyoahidi. Akienda kwa anayemdai akamwambia, "Ndugu, nipunguzie," je, anatenda haki, au anaiba kwa maneno matamu?

Kati yetu majibu ni mawili. Wako wazee wanaosema kwamba neno la Mkristo ni moja: umeahidi elfu sitini, lipa elfu sitini, hata ukilala njaa. Wanatukumbusha Zaburi ya 15, inayomsifu mtu asiyegeuza kiapo chake hata kikimwumiza, na ile ya 37, inayomhesabu kuwa mwovu mtu akopaye asilipe. Wazee hao wana hoja, tusiwacheke. Mkimbizi hana shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Mali yake ni jina lake, na akiliharibu hakuna atakayemkopesha hata kiberiti. Upande wa pili wako wanaosema, "Sisi ni wakimbizi, Mungu anaijua hali yetu, mwenye duka ana mali, atangoja." Hawa hali yao wanaisema kweli, ila mara nyingi wakianza kusema hivyo wamekwisha kuamua kupita njia ya nyuma ili wasionekane dukani.

Kabla ya kuchagua upande, tutazame kwanza deni linavyoingia nyumbani.

Katika kambi za Rwanda, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka 2014, huko Gihembe, kuwapa wakimbizi fedha mahali pa magunia ya mahindi na maharage, na kambi nyingine zikafuata. Kwa miaka kadhaa kiasi kamili kilikuwa faranga 7,600 kwa mtu kwa mwezi. Familia ya watu 6 ilipata 45,600. Mwenye butiki alijua hivyo, ndiyo sababu alikubali kuandika katika daftari lake, na mkopo wote ulisimama juu ya hesabu hiyo. Mwanzoni mwa 2018 msaada ukapunguzwa kwa robo, maana fedha za wafadhili hazikutosha. Machi 2021 ukapunguzwa kwa asilimia 60. Familia ile ile ya watu 6 ikabaki na 18,240. Kuanzia Mei 2021 msaada ukatolewa kwa kupima uhitaji wa kila familia, wengine wakapata pungufu, wengine wakatoka katika orodha. Gihembe yenyewe ilifungwa mwaka huo na watu wake wakapelekwa Mahama. Mtu anaweza kuwaza mwenyewe yaliyoyapata madaftari ya maduka siku magari yalipoondoka.

Sasa tumchukue mama wa familia hiyo kama mfano. Ameahidi kulipa 15,000 kila mwezi, na aliahidi akiwa na 45,600 mkononi. Siku ile hakusema uongo. Machi 2021 anapata 18,240 na ahadi ni ile ile. Akitoa 15,000 zinabaki 3,240 kwa vinywa sita kwa mwezi mzima. Jambo hilo haliwezekani, kwa hiyo moja kati ya mawili litatokea. Ama atalipa asubuhi na jioni atakopa tena vitu vya 15,000, na daftari litaonyesha amelipa na amekopa, wala deni halikupungua hata faranga moja. Ama ataanza kupita ile njia ya nyuma. Mzee anayemwambia alipe kama alivyoahidi amempa amri ambayo haitamrudishia mdai fedha zake.

Na sisi wa huku tusidhani hayo ni mambo ya kambini tu. Wengi wetu tunakula kwa kibarua katika mashamba ya mpunga ya bonde la Bugarama, na deni letu hupanda na kushuka pamoja na mavuno. Mnajua jambo ambalo Wanyarwanda huliita kotsa imyaka, yaani kuchoma mavuno: mtu aliyebanwa anauza mpunga ungali kijani shambani, kwa bei ya kutupa, na siku ya kuvuna gunia ni la mtu mwingine. Viongozi wanalikemea, nao wanafanya vema. Lakini anayechoma mavuno yake huwa anamkimbia mdai ambaye hajawahi kuketi naye wakazungumza. Tungependa wanaolikemea waulize pia juu ya huyo mdai.

Twende kwenye neno lenyewe. "Nipunguzie" ni neno moja lenye maombi yasiyofanana ndani yake, na tukiyachanganya tunapotea. Mtu akisema, "Nilikuwa nikuletee elfu 15 kila mwezi, nipokelee elfu 3 mpaka yaishe," huyo hakugusa mali ya mwenzake. Deni ni lile lile elfu 60; litakwisha kwa miezi 20 badala ya 4. Anachoomba ni muda. Muda nao una bei, tusijifanye hatujui, kwa kuwa mwenye duka naye anadaiwa na muuzaji wa jumla wa Kamembe ambaye hatamngojea miezi 20. Hata hivyo ni ombi ambalo mtu anaweza kulitoa uso ukiwa juu.

Lakini mtu akisema, "Nipokelee elfu 40, zilizobaki tuzifute," huyo anaomba elfu 20 za mtu mwingine. Hatusemi ni wizi, maana mwizi haombi. Tunasema ni zawadi, na zawadi huombwa kama zawadi. Haidaiwi kama haki. Haiombwi kwa kutumia cheo cha kanisani, wala kwa kumtuma mchungaji akasimame dukani ili mwenye duka aone haya kukataa. (Hili la mchungaji tunalisema kwa kuwa maombi ya namna hiyo yanatujia, na safari za namna hiyo hatuziendi.) Mwenye duka akikataa kusamehe elfu 20 zake hajatukosea, na asinenwe vibaya Jumapili.

Riba ni habari nyingine kabisa. Kuanzia Bukavu hadi Kamembe na Bujumbura hakuna asiyelijua jina la Banki Lamberi, ile benki isiyo na mlango wala kibali. Tuseme mtu amekopa huko 50,000, kwa riba ya ishirini juu ya mia kila mwezi, na wako wanaodai zaidi. Kila mwezi anapeleka 10,000. Baada ya miezi 5 amepeleka 50,000, na bado anadaiwa 50,000 zile zile. Katika Nehemia 5 watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao walikuwa wakichukuliwa utumwani. Nehemia alikasirika sana, lakini alishauriana kwanza na moyo wake, kisha akawaita wakopeshaji mbele ya kusanyiko, naye hakuficha kwamba yeye na ndugu zake walikuwa miongoni mwa wakopeshaji. Akawataka warudishe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia, ambayo wafasiri wengi huielewa kuwa riba ya moja katika mia kwa mwezi. Moja! Huku tunazungumza ishirini.

Kwa hiyo anayekwenda Banki Lamberi na hesabu ya alivyokwisha kulipa, akaomba riba isimame na alichozidisha kihesabiwe katika mkopo wenyewe, haombi zawadi. Anaomba haki, na anaweza kuiomba kwa sauti iliyo imara, akiwa na mashahidi wawili. Afadhali hata hivyo kukopa mahali penye karatasi. Umurenge SACCO zilianzishwa mwaka 2009, moja kwa kila umurenge katika imirenge yote 416 ya nchi hii, na huko riba imeandikwa katika mkataba. Mwanachama akiona mavuno yamekufa, aende kabla ya siku ya malipo aombe mkopo upangwe upya. Akienda baada ya miezi mitatu ya kimya atakutana na jina lake katika orodha ya walioshindwa.

Linalotusumbua sisi kuliko yote ni ahadi kubwa. Katika Mathayo 18 yuko mtumwa aliyedaiwa talanta elfu 10. Alianguka chini, akaomba avumiliwe, akasema atalipa yote. Yote! Talanta moja ilikuwa kama ujira wa kibarua wa miaka 20 hivi. Pigeni hesabu: ni miaka laki mbili ya kazi. Wahubiri hutuonyesha ukatili wake kwa yule mwenzake wa dinari 100, nao husema kweli. Lakini hata kabla ya ukatili huo alikuwa amesema jambo lisilowezekana mbele ya mfalme, kwa sababu ya hofu. Nasi tukibanwa husema vivyo hivyo: "Mwisho wa mwezi nakumalizia yote." Mdai anajua haitakuwa hivyo, nasi tunajua, kisha tunaagana kwa heshima kana kwamba neno limesemwa. Wazee wanaolinda neno la Mkristo wangelinda hapa. Yule anayesema, "Ninapata kiasi hiki, nina watoto watano, naweza kukuletea 2,000 kila tarehe 5," kisha tarehe 5 akazileta, ametunza neno lake. Aliyeahidi yote na kujificha amelivunja siku ile ile alipolitamka.

Wengi hawaendi kuzungumza kwa sababu ya haya. Wanaona ni jambo la watu walioshindwa maisha. Basi wajue kwamba serikali hufanya hivyo, tena mbele ya ulimwengu. Mwaka 1953, huko London, Ujerumani Magharibi ilikaa na waliokuwa wakiidai, na deni lake likapunguzwa karibu kwa nusu, na malipo yakapangwa kwa kuangalia kiasi inachouza nchi za nje. Mwaka 1996 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilianzisha mpango wa kuzipunguzia mzigo nchi maskini zenye madeni makubwa. Rwanda ilifika mwisho wa safari hiyo mwaka 2005, Burundi 2009, na Kongo yetu Julai 2010, ikapunguziwa dola zaidi ya bilioni 12. Mawaziri waliovaa suti walikaa mezani wakasema, hatuwezi. Lakini jambo moja lilitakiwa kwao wote: wafungue vitabu vyao, waonyeshe kinachoingia na kinachotoka, na namna watakavyotumia kitakachobaki. Hakuna aliyepunguziwa huku akificha.

Kufungua vitabu kwetu sisi ni kazi ya nyumbani, tena ngumu. Baba ana deni ambalo mama halijui, mama naye ana jina katika daftari ambalo baba hajaliona. Kabla ya kwenda kwa mdai, wakae usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, wataje madeni yote mpaka la mwisho. Kisha waangalie kinachoingia mwezi ulio mbaya, si mwezi ulio mzuri, ndipo wakate kiasi cha kuahidi. Waende wakati ambao dukani hakuna wateja, kwani hakuna mwenye duka atakayempunguzia mtu mbele ya wengine kumi wanaosikiliza. Wakikubaliana, iandikwe katika madaftari mawili, lake na lenu.

Na kama wanaodai ni wengi, kila mmoja aambiwe kwamba wako wengine. Hapa tunaona udhalimu ambao haukemewi. Kwa kawaida anayelipwa kwanza ni anayepiga kelele. Yule wa Banki Lamberi anakuja na vijana wake, anapewa zote. Jirani mjane aliyetoa elfu 8 bila riba, mtoto wetu alipokuwa na malaria, hatoi sauti, kwa hiyo anangoja mwaka wa pili. Wema wake umekuwa sababu ya kumweka nyuma. Sisi hatuoni namna yoyote ya kulitetea hilo. Kama mwezi huu zipo 5,000 za madeni, naye apate sehemu yake, hata iwe 500.

Tugeuke kwenu ninyi mnaodai, maana katika ushirika huu mko pia, na si haki kuandika kana kwamba wasomaji wetu wote ni wadaiwa. Kumbukumbu la Torati 24 linakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, maana ni kuchukua uhai wa mtu. Linakataza pia mdai kuingia nyumbani kwa mwenzake kujichukulia rehani. Asimame nje, aletewe. Ni sheria ya ajabu, inaulinda mlango wa maskini. Jiwe la kusagia la mkimbizi wa leo ni kadi yake ya fedha na namba yake ya siri, au laini ya simu inayopokea msaada. Katika makazi ya Kalobeyei, huko Turkana nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walioandika mwaka 2020 waliona kwamba familia nyingi mno zilidaiwa na maduka ya chakula, na wenye maduka walishika kadi kuwa dhamana. Familia ambayo kadi yake iko kwa mwenye duka haiwezi kwenda kununua penye bei nafuu, wala haiwezi kuzungumza nawe kama mtu na mtu. Utakachosikia kwake ni ndiyo tu. Rudisheni kadi, mpatane kiasi. Nawe mdaiwa uliyerudishiwa, usiende kwa jirani kuanza daftari jipya huku la kwanza likingoja.

Majirani zetu Waislamu wa Bugarama nao wanafundishwa kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate nafuu. Twaweza kuzungumza nao juu ya hili bila ugomvi wowote.

Limebaki swali moja ambalo limeulizwa mara nyingi kuliko mengine: deni tuliloliacha ng'ambo. Mtu alidaiwa Uvira au Bukavu, vita vikaja, akakimbia, mdai naye akakimbia, na leo wanakutana kwenye bomba la maji. Je, vita vimefuta deni? Kutoka 22 hutenganisha mambo mawili. Mtu aliyepewa mnyama amtunzie, mnyama akararuliwa na hayawani, halipi. Aliyeazima kwa kazi yake mwenyewe, mnyama akafa mwenyewe asipokuwapo, hulipa. Kwa hiyo kama zile bidhaa ulikuwa unamtunzia mwenyewe na zikaporwa usiku ule, zimepotea zikiwa zake. Kama ulizikopa uuze upate faida, deni lingalipo, nasi hatuoni kwamba mpaka wa nchi unalifuta. Kilichokwenda na vita ni uwezo wa kulipa. Lakini hata mdai asihesabu deni la miaka ile kana kwamba duka lako lingali wazi. Kaeni na wazee wawili, kila mmoja ataje kilichoteketea kwake na kilichosalia, kisha mkubaliane kiasi kidogo kinacholipika huku, kwa faranga za huku.

Na kama mdai huyo amefariki, deni ni la watoto wake. Waulizeni watu waliotoka mtaa mmoja naye, watawaambia watoto wako kambi gani na wanaishi na nani.